Basi Lililompita Mwanaidi

Moa

Mjukuu wangu Salimu,

Marahaba, salamu zako za huko Dodoma zimenifika. Sisi hatujambo. Mama yako amepona homa, na muhogo umekubali mwaka huu.

Umeniuliza kwa nini sifurahi kuwa unampigia kampeni mgombea anayeahidi basi la kila siku, hata kwa wasioweza kutembea.

Nilipokuwa msichana alikuja mgombea mwenye ahadi hiyohiyo. Alichuchumaa mbele ya dada yangu Mwanaidi, ambaye miguu yake ilipooza utotoni, akamuuliza, "Basi likija, utakwenda wapi?"

"Tanga mjini, nikajichagulie kanga mwenyewe."

Akashinda, na basi likaja. Tukambeba Mwanaidi hadi barabarani. Ngazi zilikuwa juu mno, na kondakta akasema, "Huyu mwacheni, tunachelewa." Likaondoka.

Mheshimiwa alikuja nyumbani kutuomba radhi. Alisema alidai basi la ngazi fupi, wenziwe wakamcheka. Alilia, Salimu, na nilijua hasemi uongo. Hapo ndipo nilipovunjika moyo. Angekuwa mwongo, tungemngoja mkweli. Mwanaidi hakuomba tena kutoka, mpaka tukamzika.

Jana jirani yetu Bi Zuhura, asiyeweza kusimama, aliniuliza kama mgombea wenu ni mtu wa kweli. Nikamwambia ndiyo, maana wewe huwezi kumfuata mwongo. Akafurahi sana. Mimi nikaingia ndani, chakula kikanishinda.

Mola akuhifadhi.

Bibi yako,
Rehema