Koki ya Pipa la Zahanati

Mpapura, Jumanne, mwezi wa tatu, 1976. Mvua haijakatika tangu alfajiri. Nimeshinda ndani nikisingizia mafua.

Sina mafua. Naona haya kupita zahanati.

Wiki iliyopita nilisimama mkutanoni, mbele ya kijiji kizima, nikasema pipa la maji ya moto la wazazi wanaojifungua zahanati nitalifunga mimi, na Jumamosi litatoa maji. Nikawasimulia jinsi Ulaya kila nyumba ina mabomba ya maji ya moto ukutani, nje barafu, ndani mtu analala bila shuka, na kwamba koki za mabomba hayo nimezifunga kwa mikono hii. Watu walipiga makofi. Ukweli ni kwamba melini nilikofanya kazi nilichemsha chai tu, na safari yangu iliishia Mombasa. Habari za mabomba alinipa baharia mmoja mlevi.

Fundi Haule, Mngoni aliyeletwa kutoka bandarini kutusaidia, alifanya kazi safi. Aliweka pipa juu ya mafiga, akapitisha bomba ukutani mpaka chumba cha kujifungulia. Bomba ni la Mwingereza, lilibaki tangu enzi za mashamba ya karanga. Ikabaki koki. Ile ya dukani hesi zake za kukazia hazikukamatana na bomba. Haule akasema tusubiri, bandarini ipo ya kizamani inayolingana nalo, ataileta wiki ijayo. Akaondoka.

Nisubiri wiki nzima, mimi niliyekwisha kusema Jumamosi?

Nikaichukua ile ya dukani. Nikaizungushia usumba wa nazi, nikaupaka mafuta ya maganda ya korosho niliyoyachemsha mpaka yakawa kama lami. Ikashika. Dada yangu Asumini, ambaye ndiye anayewakanda wazazi kwa maji ya moto hapa kijijini, alisimama mlangoni akauliza taratibu kama mafuta hayo hayatababua mtu. Kila mtoto wa huku anajua yanababua. Nikamjibu kwamba moto umeshaua ukali wake, na tangu lini yeye akajua koki. Akanyamaza. Kwetu kaka ndiye mjomba wa watoto wa dada zake, na mjomba akishasema, nani atarudisha neno?

Jumamosi maji yalitoka. Nilizunguka kijiji kizima nikipongezwa.

Asumini alishinda na maji hayo akifua vitambaa na kusugua mabeseni. Yalikuwa na utando juu, akadhani ni kutu. Jumapili viganja vikavimba. Jana vikawa malengelenge matupu. Na jana hiyo hiyo binti yake Zainabu akajifungua mtoto wa kike. Asumini amekanda wazazi wa watu miaka ishirini, na mwanawe anakandwa na jirani, kwa maji ya sufuria.

Viongozi wa kijiji walipokuja kuniuliza, nikasema Haule katuletea bomba bovu.

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Muuguzi amelifunga pipa, na kesho Haule, akirudi na koki yake, anaitwa ofisi ya kijiji kujieleza. Akishindwa, atarudishwa bandarini na barua mbaya.

Jioni hii nikajikaza kwenda kwa Asumini. Mikono imefungwa vitambaa, jirani anamlisha uji kama mtoto. Zainabu hakuniamkia. Jina la mtoto, ambalo kwetu hutolewa na mjomba, hakuna aliyelitaja. Nikaanza kueleza habari za kutu ya Mwingereza. Asumini akanikata.

"Kaka, mafuta yale niliyaona kwa macho yangu. Kesho mimi sitasema. Utasema wewe."

Nikatoka hata kuaga sikuaga.

Nina hasira na Haule kwa sababu alikuwa sahihi. Nina hasira na Asumini kwa kuninyamazia siku ile, na kwa kutaka kuninyamazia tena kesho. Angenitukana ningejua la kujibu.

Hadithi tatu za kesho ninazo tayari, zote tamu, na hakuna hata moja iliyo na mikono ya dada yangu ndani yake. Ya nne ni fupi, maneno yake hayafiki kumi. Nitaweza kuisimulia?