Kiti cha Mbele

Kwako Amjad,

Salaam toka Kibenga. Klabu yetu ya kayaki iko muzima, viboko wamehama, na Gaspard angali anatuchomea samaki mukeke tukitoka ku maji. We unajua desturi yetu: mwenzio akisafiri, jile yake ya kuelea inawekwa ku kiti cha mbele, mutu mwingine apana kukaa. Tangu uende Ubelgiji nilipiga kasia nyuma peke yangu, upepo unanizungusha, watu wanacheka.

Jumapili dada yako Aya alinionyesha picha za arusi yako. Bibi harusi ni muzuri. Kitambaa cha arusi yetu, Mama atakishona rido za madirisha.

Kisha Aya akavaa jile yako, akakaa mbele. Kayaki ikanyooka. Ukirudi, utusubiri ku muchanga.

Aliyekuwa muchumba wako,
Tahani