Sifuri ya Mama Leokadia

Jumanne, jioni

Itangazwe Tabora yote mpaka Nzega: leo mimi, niliyejifunza JavaScript kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nimebadilisha mstari mmoja wa programu.

Programu niliyokitengenezea chama cha wafuga nyuki ilimwacha Mama Leokadia nje ya orodha ya mgao wa mizinga. Yake yote imeungua kwa moto wa porini, nami kwenye idadi nilimwandikia sifuri. Amekuja mwenyewe kutoka Igalula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie, fundi, mimi nimekufa lini?"

Kosa ni langu. Niliandika if (mwanachama.mizinga), na hapo JavaScript huichukulia sifuri kama hapana, ikamruka kama mtu ambaye hakujaziwa kitu. Sasa nauliza if ("mizinga" in mwanachama), yaani sehemu hiyo ipo au haipo? Ipo, hata ikiwa na sifuri. Jina lake likatokea.

"Kumbe nipo!" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nimerudi nyumbani natembea kama mwenye msafara. Ingawa waliorukwa na programu hii mwaka jana... sijathubutu kuwatafuta.

Orodha iko sahihi. Mizinga yenyewe haijaletwa.