Njia ya Majivu Anayotujengea Baba Mkwe

Mpendwa Mama Hortense,

Naomba unisaidie, nina wiki saba tu za ndoa na bado nikimsikia Wannes wangu akivua viatu mlangoni moyo unanidunda kama siku aliyonichumbia, mwanamume huyu ananiletea kahawa kitandani kila asubuhi, sikudhani mtu mwenye raha kama mimi angeketi kuandika gazetini huku analia.

Tunaishi nyuma ya nyumba ya baba mkwe, Firmin, aliyefanya kazi katika kiwanda cha zinki miaka thelathini na minne, na wewe ni mtu wa huku kwetu Kempen, Ubelgiji, unajua zamani wafanyakazi waligawiwa bure majivu ya tanuri wakajengea njia na nyua zao, maana mchanga wetu huu gari likipita linazama. Baba na marehemu mkewe, Godelieve, walitandaza njia yao mwaka waliooana, yeye akisukuma toroli na mama akisawazisha kwa reki, na picha iko ukutani, mama anacheka, uso mweusi kwa vumbi, nilipoiona nikamwambia Wannes nataka unipende hivi hivi. Kando ya njia ndipo ilipo bustani ya mboga, na kisima.

Mama alikufa miaka sita iliyopita kwa figo, na mifupa ilikuwa imelegea, alivunjika nyonga kwa kuinuka tu kitini.

Mwezi uliopita tulimwita mtaalamu apime udongo kwa sababu tunataka kuongeza chumba cha watoto. Nikamuuliza, “Majivu yenyewe ya miaka hamsini, si yameshaisha nguvu?”

Akanitazama kwa huruma. “Dada, ni kama majani ya chai, ila haya utayamwagia maji hata miaka mia na bado yatatoa rangi. Kila mvua inachota kidogo, inashusha mchangani, mboga inanywa.”

Majibu yakaja: kadimi, metali inayoingia mwilini ikakaa kwenye figo. Imo kisimani, imo bustanini, na spinachi na seleri ndizo zinazoinywa zaidi. Wannes akaikunja karatasi akaitia mfukoni. “Usimwambie baba. Akijua, atasema yeye ndiye aliyemuua mama.”

Basi kila alasiri baba ananiletea kikapu, “Shika, bibi harusi, kula, nataka mjukuu mwenye mashavu!” nami namshukuru na kumbusu, akiondoka nakimwaga kwenye shimo la mboji, kisha Jumapili napika spinachi ya dukani na viazi vya kuponda, naye anakula na kutamba, “Haya niambie, dukani utaupata wapi utamu huu?” Wannes anaangalia sahani.

Jumatatu hii nikamkuta baba na toroli. Kumbe nyuma ya banda alikuwa na lundo la majivu yale yale. “Zawadi yenu ya harusi,” akasema. “Njia mpaka mlangoni kwenu. Godelieve alisema tuyatunze mpaka Wannes aoe. Chukua reki ya mama yako, mwanangu, usawazishe.”

Mama Hortense, niliichukua. Nilisawazisha hatua nne. Nimwambie, nimvunje moyo, au ninyamaze?

Mwenye Reki

*

Mwenye Reki,

Hongera kwa ndoa, na pole sana. Sasa nisikilize.

Mboji hiyo ni ya nani? Ya Firmin. Anaimwaga wapi? Bustanini. Kwa hiyo sumu ya kila spinachi unayoificha unamrudishia ailime tena. Tena nyinyi wawili mnakula ya dukani siku zote huku mzee akila ya bustanini na kunywa maji ya kisima. Mmeuhurumia moyo wake mkasahau figo zake! Wannes anampenda baba yake, sibishi, lakini ukimya wake unamlisha sumu.

Mwambieni Jumapili hii, kabla ya chakula. Wannes aseme, wewe umshike mzee mkono. Semeni karatasi inavyosema: inazungumzia udongo na maji, haimtaji Godelieve. Akiuliza, “Ni mimi niliyemuua?”, jibuni kweli: hakuna anayejua, na majivu alipewa, hakuambiwa yana nini. Mimi mwenyewe nilikua kwenye ua kama huo, nikitambaa. Baba yangu alikuwa akijivunia ule ua.

Atalia. Mwacheni alie.

Jumatatu fungeni kisima, na nyote watatu mkapimwe mkojo na figo, wewe kwanza, unayetaka kuzaa. Lundo lifunikeni kwa turubai mvua isiendelee kulichota. Msichimbe wenyewe, vumbi lake ni baya. Pigeni simu ofisi ya mazingira waje na mashine. Viatu vibaki nje.

Siku ya mashine msimwache Firmin dirishani peke yake. Njia ile ni ujana wake, na mkewe yumo. Simama naye, akuonyeshe walipoanzia na walipochoka, mama alipocheka. Halafu agizeni udongo safi, mtengeneze vitalu vya mbao vilivyoinuka, na toroli la kwanza alisukume yeye.

Kusawazisha ni kazi yako. Reki unayo.

Mama Hortense