Kobe Mwenye Marahaba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Nyakato tuko wazima. Mwanao Baraka anakula vizuri tangu uniachie ukaenda kazini Dodoma.

Umeniandikia kwa ukali, kwa nini nilimzimia mtoto kipindi chake cha kujifunza. Nilizima kwa hasira! Nilirudi kutoka sokoni Mkuyuni, nikasimama mlangoni kungoja shikamoo yangu, na mtoto wa miaka mitatu akaitoa kwa yule kobe wa kipindi hicho kwenye televisheni. Kobe akaitika, "Marahaba, umeshindaje leo?" halafu akanyamaza kumngoja. Baraka akamweleza habari zote za kuku wetu. Nikazima. Akalia mpaka akatapika.

Hapo nikakumbuka utoto wangu Bujora. Baba alikuwa mbali, kwenye kiwanda cha pamba, na mimi nilikuwa namjibu mtangazaji wa redio kila aliposema, "Hamjambo, watoto?" Mama akachomoa betri akazificha. Bibi yangu akamfokea: "Mrudishie! Nani mwingine humu anamuuliza habari zake?"

Basi nimewasha tena, na sasa nakaa naye tunaangalia. Lakini hasira haijaisha, Neema, imehamia kwako. Umejaza kurasa mbili kuhusu kipindi, na hakuna mahali ulipouliza mtoto anaendeleaje. Kobe humuuliza kila siku saa kumi na moja jioni, na humngoja ajibu.

Jana Baraka aliitazama picha yako ukutani, akaniuliza, "Bibi, mama naye anaanza saa ngapi?"

Nimjibu nini?

Bibi yako