Okota Tu, Mama

Siku ya Mungu, 1/7/2012, Burungu

Nimeshinda, na ushindi wameninyanganya. Mimi kumi na tisa, Papa Callixte ishirini na moja, Hilaire ishirini na mbili. Nikasema, leo Fanta ni juu yenu. Hilaire akacheka: "Mama Kahambu, ongeza kwanza zile tatu tulizokupatia."

Zile tatu walizonipatia! Sikuomba hata moja.

Niandike ginsi iko, labda hasira itapoa. Yule muzungu wa mradi wa miti, alipokimbia mwaka jana, aliachia Hilaire sahani ine za plastiki na muchezo wake. Tumefunga vitunga sita vya viazi juu ya nguzo za mikalitusi, kwenye malisho ya Callixte, katikati ya ngombe. Unatupa sahani kutoka mbali, unaifuata, unatupa tena, mpaka iingie ndani ya kitunga. Aliyetupa mara chache njo ameshinda. Tunacheza misa ikiisha, hakuna zawadi, labda Fanta tu. Na kuna desturi: sahani ikianguka karibu kabisa na nguzo, mwenzako anasema "okota tu". Unaokota, inahesabiwa moja, sawa vile umetupa na imeingia.

Callixte anaokota kupita sisi wote. Kuna aliyemwambia "tulikupatia"? Hakuna. Malisho ni yake, na yeye ni mwanaume. Mimi muke wa butiki, mutu wa kutoka Butembo, wananipatia, halafu wananikumbusha.

Nilianza na chumvi ya kupima kwa kijiko kwenye soko ya Kitchanga. Leo niko na butiki ya mbao na bati, na nusu ya kamyo na ndugu yangu Muhindo. Hakuna mutu alinipatia hata kijiko.

Siku ya tatu, 4/7

Kamyo iko kwenye barrière ya askari njiani tangu juzi. Leo wanasema karatasi, kesho watasema sabuni. Nimechoka na hawa watu hata kuwatukana sina nguvu.

Hilaire amekuja kuchukua sabuni ya centre de santé — ni infirmier pale, anauguza wagonjwa, anafanya kazi ya watu watatu. Nikamwambia: kuanza siku ya Mungu, za karibu zote zitupwe. Kila mutu amalize yake.

"Mama, acha. Ni kujifurahisha tu."

"Kama ni kujifurahisha, mbona munahesabu zangu?"

"Nilikuwa natania."

"Mimi sitanii."

Akashika sabuni, akafika mulangoni, akarudi. "Na muzee, je?" Nikamjibu muzee ana mikono miwili kama sisi. Akaniangalia kidogo, halafu akaenda. Anaogopa Callixte atakasirika. Akasirike.

Siku ya Mungu, 8/7

Nimesema règle yangu mbele ya kitunga cha kwanza, kwa sauti, ili hakuna mutu aseme hakusikia. Callixte akacheka na meno yote. "Haya. Sheria imetoka Butembo."

Cha kwanza tulimaliza vizuri. Kwenye cha pili sahani yake ikaanguka chini ya kitunga kabisa. Mutoto angeiweka ndani kwa mukono. Akaniangalia. Nikamuonyesha kitunga kwa kidevu. Hilaire akaanza kuangalia ngombe.

Callixte akatupa, ikapiga ukingo wa kitunga. Akatupa tena, ikapiga nguzo. Ya tatu ikaingia. Kwenye cha ine, vile vile. Kwenye cha sita juu kule, kwenye upepo, sikutaka kuangalia tena, lakini mimi njo mwenye kuhesabu, kwa hiyo niliangalia.

Mukono ulikuwa unatetemeka. Kutupa mbali hauonekani, anatupa kwa mwili muzima. Lakini ile ya karibu inataka vidole tu.

Mimi ishirini — na moja ya karibu nilikosa, si rahisi kama unavyozani. Hilaire ishirini na moja. Callixte thelathini na moja.

Nimeshinda bila zawadi ya mutu. Callixte alifuta sahani kwenye nyasi, akaziweka kwenye kwapa kama siku zote, kwa sababu yeye njo anazilinda. "Basi, sasa tunajua," akasema. Akaenda kufunga ngombe, saa ya kufunga ngombe ikiwa bado.

Siku ya kwanza, 9/7

Libérata, muke wa Callixte, ameleta maziwa. Kila asubui anaketi juu ya mufuko wa chumvi, ananipa habari za kilima kizima. Leo ameweka bidoni chini, akabaki amesimama.

"Dada, wewe unahesabu kila kitu," akasema. "Mukono haukuuona?"

Nikamuuliza mukono una nini.

Una kamba. Mwezi wa tatu wale watu wenye bunduki walipomupandisha juu kule kwa ajili ya ngombe — hiyo tunajua wote, tulichanga franga wote, ngombe zitoke na yeye arudi — walimufunga mikono nyuma mpaka kesho yake. Vidole havikurudi sawa. Kukamua ni Libérata anakamua sasa. Watoto wameambiwa mama anapenda kukamua.

"Kwa nini hamukuniambia?"

"Nani aseme? Ni yeye mwenye kusema, na yeye hasemi. Hilaire aliona, akaanza kumuambia okota, okota. Sasa mutu mumoja tu akiwa anaokota, si ataonekana?"

Akachukua bidoni tupu ya jana, akaenda.

Nimeketi mimi mwenyewe juu ya ule mufuko. Tulipatiwa wote ili yeye asionekane. Hilaire alikuwa anaokota, mimi naokota, Callixte anaokota, wote sawa. Zile tatu zangu hazikuwa kwa ajili yangu hata kidogo.

Lakini wangeniambia. Nimeishi hapa miaka minane, bado ninaambiwa wa mwisho. Na kama ningeambiwa ningenyamaza vizuri kupita wote, kunyamaza njo kazi ya muke wa biashara. Hiyo pia niandike, juu ni kweli.

Siku ya ine, 12/7

Watu wanapita kutoka upande wa Mweso na magodoro kichwani. Hakuna anayenunua. Wanaomba maji, wanauliza Sake ni mbali gani. Nimejibu mpaka nimechoka kujibu.

Maziwa analeta jirani.

Siku ya Mungu, 15/7

Callixte hakuja. Nilikwenda na Hilaire, wawili kama watu wenye kesi. Kwenye kitunga cha kwanza sahani ya Hilaire ilianguka karibu. Nikasema, okota tu, kaka.

"Hapana, Mama. Tuko na règle."

Akatupa, ikaingia. Ya kwangu nikatupa, ikaingia. Hakuna aliyefurahi. Kwenye cha tatu tukaacha. Hilaire anasema centre imejaa, analala amesimama, kama ni kuja kununiana heri alale.

Callixte alikuwa kwenye uzio wa chini, anapiga misumari siku ya Mungu, mutu aliyekuwa catéchiste. Nilishuka.

"Papa Callixte, ile règle nimeifuta."

"Umeifuta kwa ajili ya nani?"

Nikaangalia misumari yake.

"Unaona," akasema. "Mbele mulinipatia, na mimi niliwapatia. Ulikuwa muchezo. Sasa ukisema okota, itakuwa sadaka. Sadaka mimi natoaka kanisani. Siipokei kwenye malisho yangu."

"Lakini hiyo njo maneno yangu! Mimi pia sipendi kupewa."

Akaniangalia muda murefu, karibu acheke. "Basi tuko wawili wenye kichwa kigumu. Wewe uko na ushindi wako, mimi niko na misumari yangu."

Musumari ukamuponyoka, ukaanguka kwenye nyasi mbele ya miguu yangu. Nilitaka kuinama. Sikuinama. Aliinama yeye, akautafuta na vidole vile, ikachukua muda, na mimi nimesimama pale kama nguzo.

Nikirudi nilijiuliza kama mutu anaweza kuacha kuona kitu alichokwisha kuona. Sijapata ginsi. Nataka tu aje acheze. Sitaki tena kushinda, nataka aje.

Siku ya ine, 19/7

Muhindo amepiga simu kutoka Goma. Anasema nisingoje kuona moshi. Kamyo imetoka barrière, Munyakazi, dereva wetu, ataileta siku ya Mungu. Nitapakia chumvi, mafuta, vitenge, vitanda. Mulango nitaungoa. Bati nitaacha, kutoa bati ni kazi ya siku mbili na hizo siku sina.

Libérata amekuja kuchukua chumvi mwenyewe. Nikamwambia nakwenda. Akasema wao wanabaki, ngombe haziwezi kupanda kamyo. Halafu, kama mutu anaongelea mvua: "Papa iko natupa kifuniko cha sufuria nyuma ya nyumba. Anazani siko naona. Kifuniko kimekunjamana, hakifuniki tena."

"Kinaingia?"

"Kinaingia wapi, dada? Ametundika kapu langu la maharagi. Siku zingine kinaingia."

Tulicheka kidogo. Aliketi, lakini si muda murefu.

Siku ya Mungu, 22/7

Misa haikuwepo, padri amezuiliwa njiani. Tumepakia tangu asubui. Risasi zinasikika nyuma ya kilima, si karibu, lakini hakuna anayejifanya kwamba ni mbao zinapasuliwa. Nimekubali watu wapande juu ya mizigo bure, na magodoro yao, wanawake wengi. Munyakazi ananung'unika kwamba ressort za chini ya kamyo zitavunjika na uzito. Anung'unike.

Callixte akatokea na sahani mbili kwenye kwapa.

"Nasikia unabeba mpaka mulango."

"Bati ninakuachia."

"Bati zako ziko na matundu," akasema. "Kuja. Vitunga viwili, hivi vya karibu na njia. Hilaire hawezi, wanamuletea watu wenye damu."

Nilikwenda na matope ya kupakia kwenye mikono. Kitunga cha kwanza tulifanya sawa. Kwenye cha pili sahani yangu ilitua chini ya nguzo, karibu ya karibu. Nikajipanga kutupa.

"Okota tu, Mama," akasema.

Hakuwa anatania, wala hakuwa anatoa sadaka. Alisema tu, kama alivyosema zamani, kabla ya règle yangu. Mwili wangu wote ulikataa. Lakini niliinama, nikaokota, nikasema aksanti. Sijui kama nimewahi kufanya kitu kigumu hivi mbele ya mutu.

"Njo vile," akasema.

Halafu akatupa yake kutoka mbali, akatupa vizuri sana, ikalala hatua moja toka nguzo. Nikafungua kinywa. Akainua mukono ule ule, unatetemeka bila kujificha.

"Hapana. Hii uniachie mwenyewe."

Akatupa. Ukingo. Akaokota, akarudi fasi yake, hakusogea hata kidogo karibu. Akatupa. Nguzo. Tena.

Munyakazi akapiga honi, akaniita nije nione kamba ya mizigo kabla ya kufunga. Nilikuja nikaona kamba. Niko juu ya mufuko wa chumvi sasa, nyuma ya cabine, naandika juu ya goti. Kutoka hapa namwona vizuri. Angali pale.

Wale wanawake juu ya magodoro wanamwangalia. Mumoja ameniuliza: "Ule muzee iko nafanya nini?"

"Iko nacheza."

"Na hii vita?"

"Na hii vita."

"Ehe, kwenu Burungu muko na raha," akasema mwingine, na mwenzake akamupiga kiwiko anyamaze. Sasa sahani ikipiga ukingo, nasikia wanavuta pumzi pamoja.

Hii ni ya ngapi, sijui. Sijahesabu.

Kamyo mbili zilizokuwa mbele yetu zimekwisha kushuka. Munyakazi amechungulia kwenye kioo: "Mama, tunangojea nini?" Nimemwambia azime moteri, mafuta yanaungua bure. Ameizima. Callixte amesikia kimya, amegeuka, ametuona bado tuko. Amepanguza mukono kwenye suruali. Amerudi kwenye ile fasi, na anainua sahani.