Samaki wa Corinne

Jumatano, 3 Aprili

Na wala sio wivu, kama nilivyosema juzi. Mwanamke aliyeolewa wiki kumi na moja tu zilizopita ana haki ya kumtaka mumewe nyumbani saa ya chakula. Lyle wangu amerudi na theluji mabegani, pua nyekundu, mzuri kupita kiasi — akala amesimama, akatoka tena. Anazunguka na jirani yetu Verna kugonga milango, kutafuta saini. Verna ana miaka sabini na moja, ameendesha basi la shule maisha yake yote, na bado namwonea gere. Yeye anapata saa mbili za Lyle kila jioni. Mimi napata mgongo wake, na umelala.

Najua ni jambo kubwa. Trela tunazoishi ni zetu, ila ardhi chini yake si yetu, na mwenye ardhi anauza. Kampuni fulani ya mbali inautaka mtaa wetu mzima. Ikiupata, kodi ya kiwanja itapanda, na trela ya miaka arobaini huivuti popote; itavunjika kabla ya kufika barabara kuu. Lakini jimbo la Minnesota lina mkopo kwa watu kama sisi: tukiungana, tunaweza kuununua mtaa wenyewe. Sharti lao, zaidi ya nusu ya nyumba zitie saini kabla ya tarehe thelathini. Tuko nyumba arobaini na nane. Zinatakiwa ishirini na tano.

Wamefika kumi na tisa. Lyle amenibusu kisogoni, akasema tutazeeka humu humu. Nimelia kidogo juu ya sinki. Kwa furaha.

Jumapili, 7 Aprili

Ishirini na tano! Mzee Brandvold wa nyumba ya mwisho amesaini baada ya kumfungia Verna mlango mara tatu. Alisema hajawahi kuikopa serikali hata sindano. Verna akamjibu, "Basi kampuni ikija, Otto, ukawakope wao hema." Lyle alininyanyua pale pale barabarani, mbele ya watu, na viatu vyangu vya theluji vikadondoka.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkutano kwenye chumba cha chini cha kanisa. Kila mtu na bakuli lake la viazi na nyama ya kuoka. Langu liliisha kwanza (nimeangalia).

Mama wa ofisi ya mikopo alikuja na orodha. Mpole, miwani shingoni. Akasema kila nyumba kura moja, na anayesaini ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati ya nyumba. Akasoma. Alipofika nyumba ya kumi na saba, yetu, akasema hii hapana, hati haina jina letu la Haugen. Ina jina la Corinne Maki.

Shingo ya Lyle iliiva kama bitiruti.

Corinne. Mchumba wake wa zamani. Ndani ya gari akanieleza huku anatazama kioo: Corinne ndiye aliyeinunua ile trela. Alipoondoka, miaka minne iliyopita, alimwachia, wakapeana mikono, basi. Kuhamisha jina ni lazima uende kule kule kunakosajiliwa magari, na Lyle alikuwa akisema wiki ijayo, wiki ijayo. Nyumba haijasogea hata hatua moja tangu mimi sijazaliwa, eti mbele ya sheria ni gari!

Kwa hiyo mapazia yangu ya njano yananing'inia kwenye madirisha ya Corinne. Nimeolewa nyumbani kwa Corinne.

Na tumerudi ishirini na nne.

Jumamosi, 13 Aprili

Amempigia. Alitoka kuongelea kwenye ngazi, kwenye baridi ile, dakika kumi na moja. Alicheka mara mbili. Mara ya pili kile kicheko cha puani ambacho nilidhani ni changu.

Aliporudi nikamuuliza kwa sauti tamu kabisa, "Hajambo huyo?"

"Hajambo. Ni nesi huko Duluth siku hizi. Hana neno, mpenzi, yuko tayari kuniandikia jina. Tena hati haijaenda mbali, iko humu humu. Anasema aliificha kwenye friza."

"Kwenye friza?"

"Kila mtu hapa anaweka karatasi zake kwenye friza. Trela ikishika moto, friza ndiyo inabaki. Verna ameweka hata cheti cha ndoa yake." Akacheka tena, peke yake. "Corinne yeye aliifunga kwenye foili, akaandika juu, samaki. Wezi hawaibi samaki."

Nikasema naumwa kichwa. Nikaenda kulala na viatu.

Jumapili, 14 Aprili

Sikwenda kanisani. Niandike tu, hakuna atakayesoma.

Januari, siku ya tatu baada ya harusi, Lyle akiwa kazini kwenye injini zake za boti, nilisafisha friza. Kulikuwa na vifurushi vinne vyenye mwandiko wa mviringo, herufi zimenona, kimoja kina kimoyo badala ya nukta. Nilijua ni wa nani. Nilivitupa vyote kwenye pipa la taka, nikasimama dirishani mpaka lori likaja kuvichukua. Nilijisikia malkia.

Kimoja kilikuwa chepesi. Nakumbuka. Nilifikiri, hata samaki wake ni mwembamba.

Jumanne, 16 Aprili

Lyle ametoa kila kitu kwenye friza mara mbili. Mbaazi zote ziko mezani. "Labda amesahau," ananiambia mimi! Verna amepita, akakaa, akanitazama mimi na si friza. "Bibi harusi, na wewe umetafuta?" Nikasema nimetafuta. Akanywa kahawa yangu yote akaondoka, na mlangoni akasema Otto Brandvold ameanza kufungasha vitu vyake. Miaka thelathini na sita hapa. Hana pa kwenda.

Lyle amelala amekunja uso. Anafikiri ni kosa lake.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimepiga mwenyewe. Namba niliitoa kwenye simu ya Lyle akiwa bafuni. Nilikaa ndani ya gari nje ya duka la mikate ninakofanya kazi, mikono yote unga.

Sauti yake ni nzito, imechoka. Nilitaka awe na sauti ya kitoto.

Nikamwambia mimi ni Tressa, mke wa Lyle, na samaki wako nilimtupa. Akacheka puani — kicheko kile kile. Kumbe si changu wala si cha Lyle, ni chake yeye!

"Wote wanne?" akauliza.

"Wote."

"Watatu walikuwa samaki kweli, dada. Nilivua mwenyewe." Akakohoa. "Ningekuwa mimi ningetupa na friza."

Hati mpya inawezekana, ila lazima aombe mwenye jina, na zamu zake hazimruhusu kuja huku. Niende mimi na fomu, anisainie hapo hapo. Akauliza kama Lyle anajua. Nikasema bado. Akasema, "Mwambie kabla hujaja, au usimwambie kabisa. Ila usimwache akafukue friza."

Lyle yuko jikoni sasa. Namsikia amefungua tena ule mlango wa friza. Ananiita nimshikie tochi.

Nimemwahidi Corinne nitakwenda Duluth kabla mwezi haujaisha.